Kutia Mwakisiko Katika Picha: Mwongozo kwa Mafundi wa Studio na Matangazo

Mwongozo huu ni kwa wale ambao kuhariri picha ndiyo kazi inayowalisha: fundi wa studio, mbunifu wa matangazo, mfanyakazi wa duka la uchapaji anayeletewa picha ya chupa ya manukato na kuambiwa aifanye ionekane imesimama juu ya kioo. Kazi hiyo huombwa sana, na mara nyingi humalizwa kwa pupa. Chupa inanakiliwa, nakala inapinduliwa kichwa chini, inafifishwa kidogo, inapelekwa kwa mteja. Anayeitazama hawezi kusema kasoro iko wapi, lakini jicho lake linakataa. Mtu huyo ameona maji, vioo na sakafu zilizosuguliwa tangu utotoni, na haiwezekani kumdanganya kwa nakala iliyopinduliwa tu.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni hili: mwakisiko ni kitu kilekile kikitazamwa kutoka mahali pengine. Kamera iliyo mita 2 juu ya maji huona, ndani ya mwakisiko, kile ambacho ingekiona kama ingekuwa mita 2 chini ya uso wa maji ikitazama juu. Ndiyo maana kwenye mwakisiko tunaona upande wa chini wa ubao wa gati, sakafu ya roshani na uvungu wa meza, sehemu ambazo kwenye picha yenyewe zimefichika. Karibu kila ushauri unaofuata umetoka katika kanuni hiyo moja.

Kabla ya kufungua programu

Tazama picha na ujiulize kamera ilikuwa kimo gani, kitu kinagusa uso wapi, na uso wenyewe ni wa aina gani. Maji, vigae, mbao zilizopakwa vanishi, lami iliyolowa na kioo vyote huakisi, ila kila kimoja kwa namna yake.

Kiasi cha mwanga unaorudishwa hutegemea pembe ya kutazama. Augustin-Jean Fresnel, mhandisi wa barabara na mwanafizikia wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1827, ndiye aliyetuachia hesabu zake, na hesabu hizo zinatumika hadi leo ndani ya programu nyingi za michoro ya kompyuta. Ukitazama maji wima, moja kwa moja chini, yanarudisha asilimia 2 tu ya mwanga. Jicho likitazama kwa mlalo wa nyuzi 30 kutoka usawa wa maji, kiasi hicho kinafika asilimia 6 hivi. Kwa nyuzi 10 kinaruka hadi kama asilimia 35, na karibu na upeo wa macho maji yanakuwa kioo kamili. Yeyote aliyesimama kwenye gati wakati maji yametulia anajua hali hii: chini ya miguu anaona mchanga na samaki, mbali anaona mbingu. Kwa hiyo mwakisiko majini unatakiwa kuwa na nguvu kule mbali na kudhoofika kadiri maji yanavyomkaribia mtazamaji. Wengi huweka nguvu moja kuanzia juu hadi ukingo wa chini wa picha, na hapo ndipo bandia inapojulikana.

Bidhaa juu ya uso unaong'aa

Hapa nitatumia majina ya amri kama yanavyoonekana kwenye Photoshop. Asiye na leseni anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, au kwenye Photopea, inayofunguka ndani ya kivinjari cha intaneti na kusoma mafaili ya PSD. Majina ya amri hutofautiana kidogo, lakini mantiki ni moja.

Tenga bidhaa na mandharinyuma yake kwa maski, usitumie kifutio, ili uweze kurekebisha kingo baadaye. Nakili leya hiyo, igeuze kuwa Smart Object ili filta utakazotia zibaki zinarekebishika, kisha tumia Edit, Transform, Flip Vertical. Shusha nakala mpaka vitako vya chupa mbili vikutane. Kwenye GIMP toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2025, filta nazo zinaweza kubaki zinarekebishika. Kwenye matoleo ya zamani, hifadhi nakala ya leya kabla ya kila filta.

Sasa tazama vitako hivyo kwa makini. Kamera ikiwa juu kidogo ya meza, kitako cha chupa ya mviringo huonekana kama upinde ulioshuka katikati. Nakala iliyopinduliwa ina upinde uliopanda katikati. Zikikutana zinagusana katikati tu, na pembeni kunabaki pengo la pande mbili. Chupa ya kweli haina pengo hilo, kwa sababu chupa na mwakisiko wake hushiriki mstari uleule wa kugusa. Fungua Edit, Transform, Warp, vuta pembe mbili za juu za nakala zipande mpaka zifuate upinde wa kitako. Usiishie hapo. Mistari yote ya lebo ndani ya mwakisiko inatakiwa kushuka katikati, na mpindo uzidi kadiri unavyokwenda chini, kwa kuwa sehemu hizo ndizo zilizo mbali zaidi na usawa wa kamera. Kwenye nakala iliyopinduliwa tu, mistari ya lebo inapinda kinyume. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi kwenye matangazo ya vinywaji na vipodozi, na kulirekebisha ni kazi ya dakika chache.

Kama kamera ilikuwa juu kiasi cha kuonyesha uso wa juu wa kifuniko, uondoe uso huo kwenye nakala. Kutoka chini hauonekani kamwe.

Boksi lililopigwa kwa pembe lina ugumu wake. Kingo zake mbili za chini zinapanda kwenda kushoto na kulia, kwa hiyo ukiipindua picha nzima, nakala itagusa boksi kwenye ncha moja tu. Kata kila upande wa boksi uwe leya yake, pindua kila mmoja peke yake, kisha utumie Skew kuulaza mpaka ukingo wake wa juu ulale juu ya ukingo wa chini wa boksi. Mistari ya wima ibaki wima.

Baada ya umbo, shughulikia ukali. Uso wa kioo kizito huakisi kwa ukali ule ule mahali pote, lakini mbao za vanishi, vigae na akriliki isiyong'aa sana hutawanya mwanga, na mtawanyiko huo huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali na uso. Kitako kinaakisika wazi, shingo ya chupa inaakisika kwa ukungu. Filta ya Field Blur inafaa sana: weka alama moja penye kitako yenye thamani ya 0, na nyingine chini penye shingo yenye thamani ya 10 au 15 kwa picha ya kawaida ya tangazo. Kwenye GIMP, nakili mwakisiko, tia ukungu nakala ya juu, kisha uichanganye na ya chini kwa maski iliyofifia. Ukungu wa kiwango kimoja kwa mwakisiko mzima hufanya bidhaa ionekane inaelea.

Kufifisha kunafanywa kwa maski pia. Ongeza maski kwenye leya ya mwakisiko, chukua kifaa cha Gradient, uvute kutoka penye kitako kwenda chini, nyeupe ikielekea nyeusi. Kwa vigae na mbao mimi huanza na nguvu ya asilimia 20 hadi 30, kwa akriliki nyeusi naweza kufika 50. Anza na kidogo, kwa kuwa mteja akitaka zaidi atasema. Mwakisiko uliozidi unayavuta macho ya mnunuzi kutoka kwenye bidhaa, na bidhaa ndiyo iliyolipiwa tangazo.

Namna ya kuchanganya leya ina sababu yake, nayo ni fizikia. Uso mweusi hauna mwanga wake mwenyewe wa kutosha, kwa hiyo mwakisiko unaongeza mwanga juu yake: tumia Screen. Uso mweupe tayari una mwanga mwingi, na chupa inazuia mwanga wa mandhari nyeupe usirudishwe na uso huo. Mwakisiko wake unaonekana kama giza jepesi, hivyo Multiply au Normal yenye nguvu ndogo ndiyo inayokubalika. Plastiki, mbao za vanishi na vigae haviupaki rangi mwanga unaorudishwa na uso wao unaong'aa. Shaba na dhahabu huupaka. Ukiweka saa juu ya sinia ya shaba, mwakisiko wote uelekee rangi ya shaba.

Mwisho wa sehemu hii ni kivuli cha mgusano: mstari mwembamba wa giza pale kitu kinapokutana na uso. Uchore kwenye leya yake kwa brashi laini, pikseli chache tu. Bila mstari huo, mwakisiko uliofanywa kwa ustadi wote uliotajwa hapo juu hauishikishi bidhaa mezani.

Na kuna ukweli ambao fundi asione aibu kumwambia mteja. Kama bidhaa bado ipo studio, kipande cha kioo kilichowekwa juu ya kitambaa cheusi kitatoa mwakisiko wa kweli kwa gharama ndogo kuliko saa nzima ya kuhariri. Ujue tu kwamba kioo kina nyuso mbili, na kila uso unarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga ukitazamwa wima, kwa hiyo kioo kinene hutoa miakisiko miwili iliyopishana kidogo. Akriliki nyeusi inatoa mmoja tu. Anayetengeneza mwakisiko wa kioo kwenye kompyuta anaweza kuutumia ujuzi huo: nakala ya pili, hafifu, iliyosogezwa pikseli chache, humfanya mtazamaji aamini kwamba ni kioo bila kujua sababu.

Maji, jahazi na minazi

Picha za hoteli, kalenda na vipeperushi vya utalii wa pwani hudai mwakisiko wa maji, na hapa kupindua picha nzima hakufai kabisa. Kila kitu huakisika kwenye mstari wake mwenyewe wa maji, si kwenye mstari mmoja wa picha yote.

Chukua mfano. Umesimama kwenye gati, macho yako yako mita 5 juu ya maji. Jahazi limetia nanga mita 30 kutoka ulipo, mlingoti wake una mita 10. Nyuma yake, mita 150 kutoka ulipo, kuna minazi ya mita 12 iliyoota ukingoni mwa maji. Ncha ya mnazi itaakisika wapi? Zidisha kimo cha jicho kwa umbali wa mnazi, ugawe kwa jumla ya kimo cha jicho na kimo cha mnazi: 5 mara 150, gawa kwa 17, unapata mita 44 hivi. Mwakisiko wa minazi unaishia mita 44 kutoka miguuni pako, yaani nyuma ya jahazi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mlingoti: 5 mara 30, gawa kwa 15, ni mita 10. Kwa hiyo maji yaliyo kati yako na jahazi yana mwakisiko wa jahazi na wa mbingu tu. Ukiipindua picha nzima kwenye mstari wa maji wa jahazi, minazi itashuka mbele ya jahazi, mahali ambapo kwa kanuni za mwanga haiwezi kuwepo.

Utaratibu basi ni huu. Tenga jahazi kwenye leya yake, minazi na ufuo kwenye yake, mbingu kwenye yake. Pindua kila leya kwenye mstari wake, uanze na zilizo mbali. Nyumba iliyojengwa juu ya kilima mbali na ufuo huonyesha kwenye maji sehemu yake ya juu tu, na mara nyingine haionekani kabisa. Kata ipasavyo. Chombo kilichoinama kumwelekea mtazamaji huwa na mwakisiko mrefu kuliko chenyewe, kilichoinama kwenda mbali huwa na mwakisiko mfupi. Ngalawa ina matengo pande zote mbili, na kwenye mwakisiko upande wa chini wa matengo unaonekana wazi. Upande huo haupo kwenye picha yako, kwa hiyo itakubidi uuchore, au utafute picha nyingine iliyopigwa kutoka chini karibu na usawa wa maji.

Upepo ndio unaowafichua wengi. Tanga lililojaa upepo na maji yaliyotulia kama kioo haviwezi kuishi katika picha moja. Kila mvuvi wa pwani atakayeitazama kalenda hiyo ataona uongo kabla hajasoma mwezi. Ukitaka mwakisiko uliotulia, chagua chombo kilichotia nanga, tanga limekunjwa kwenye foromali, bendera imelala. Ukitaka tanga lililotuna, kubali maji yenye viwimbi na mwakisiko uliovunjikavunjika.

Kuuvunja mwakisiko huo, tumia ramani ya msogeo. Tafuta picha ya kweli ya maji iliyopigwa kwa pembe inayofanana na yako, iondolee rangi, iongezee tofauti ya mwanga na giza, itie ukungu kidogo, ihifadhi kwa muundo wa PSD. Rudi kwenye mwakisiko, fungua Filter, Distort, Displace, uchague faili hilo. Kijivu cha kati, thamani ya 128, hakisogezi kitu. Nyeusi na nyeupe husogeza pikseli pande zinazopingana. Weka msogeo wa wima mkubwa kuliko wa mlalo, kwa sababu viwimbi huurefusha mwakisiko kuja upande wa mtazamaji. Ndiyo sababu taa ya bandarini usiku huonekana kama mstari mrefu majini wakati yenyewe ni nukta. Hakikisha viwimbi vya ramani ni vidogo kule mbali na vikubwa karibu. Ramani yenye viwimbi vya ukubwa mmoja huyafanya maji yaonekane kama ukuta uliosimama.

Kuhusu mwanga, punguza pande zote mbili. Tanga jeupe majini liwe na giza kidogo kuliko lenyewe, na ubavu mweusi wa jahazi uwe na wepesi kidogo kuliko wenyewe, kwani rangi ya maji inaingia ndani ya vyote. Kwa Curves, shusha ncha ya juu na upandishe ncha ya chini. Kisha chukua sampuli ya rangi ya bahari palepale, uichanganye kwa asilimia chache. Maji mafupi juu ya mchanga mweupe yana kijani chake, na mkondo wa kina una buluu yake. Rangi moja iliyotolewa kwenye picha ya nchi nyingine haitakubali.

Lami, madirisha na miwani

Lami iliyolowa ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kwanza itie giza, maana barabara iliyolowa daima ni nyeusi kuliko kavu. Taa za maduka na magari zivute kwa Motion Blur yenye pembe ya nyuzi 90, leya iwe Screen, na maski yake iwe na madoa madoa ili sehemu zilizoinuka zibaki kavu na zile zenye dimbwi zibaki kali.

Kwenye dirisha, mwakisiko unaonekana pale tu ndani kulipo na giza kuliko nje. Uweke penye vivuli vya ndani, uuondoe penye taa. Maandishi ya bango la ng'ambo ya barabara yasomeke kinyume. Kwa miwani, ulizingatie umbo la lenzi, na macho ya mtu yasifunikwe.

Chembe, karatasi na ruhusa

Filta za ukungu hufuta chembe za picha, na hapo mwakisiko unakuwa laini kupita kiasi kando ya picha iliyo na chembe zake. Ongeza Noise asilimia 1 au 2, ukikuza picha hadi asilimia 100 ili ulinganishe. Chembe hizo zinasaidia pia wakati wa kuchapa, kwani eneo linalofifia kutoka nyeusi kwenda kijivu hupenda kujikata mistari mistari kwenye karatasi. Kufanya kazi kwa biti 16 kunapunguza tatizo hilo. Chapa kipande kidogo cha eneo la mwakisiko kabla ya kuchapa nakala zote, kwa sababu asilimia 15 inayoonekana vizuri kwenye kioo cha kompyuta inaweza kupotea kabisa kwenye wino.

Ruhusa nayo ni sehemu ya kazi. Tangazo la manukato halimdanganyi mtu kwa kuwa na mwakisiko. Picha ya habari ni jambo jingine: mwaka 2006 shirika la Reuters liliziondoa picha zote za mpiga picha mmoja kwenye hazina yake baada ya kugundulika kwamba moshi wa Beirut uliongezwa kwa kompyuta, na likaacha kufanya naye kazi. Usitie mwakisiko kwenye picha ya gazeti, ya ushahidi, ya bima, wala ya nyumba inayouzwa. Hoteli ikikuomba uonyeshe bwawa palipo na ua mkavu, au bahari mbele ya chumba kinachotazama ukuta, mgeni atakayelipa ndiye atakayeumia. Kataa kwa adabu, na upendekeze picha mpya.

Kwa kazi zinazokubalika, mkabidhi mteja faili la kuchapa, nawe ubaki na lile lenye leya zote, maski zake na ramani ya msogeo kando yake. Lipe jina la bidhaa na tarehe. Mteja akirudi baada ya miezi akitaka chupa ile ile iwekwe juu ya mbao badala ya kioo, utabadilisha ukungu, nguvu na namna ya kuchanganya, bila kuanza upya.